Fungu la Figiri

Si kweli kwamba niliuziwa mboga isiyo yenyewe. Kwa miaka mingi nimesema niliuziwa, hata kwa mume wangu; ukweli ni kwamba nilichagua mwenyewe.

Nilikuwa nimerudi Kigoma na shahada yangu, na shangazi wa mchumba wangu alikuwa anakuja kutoka Ujiji kula chakula nitakachopika kwa mkono wangu, ndipo wakwe waseme kama wananikubali. Mama alinituma soko la Mwandiga nikanunue mboga ya chainizi. Akanieleza: jani pana, bua nene, jeupe. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la redio.

Sokoni nilisimama kwa mwanamke mmoja, mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuwa akitoka kambini kuja kuuza mboga. Alikuwa na mafungu ya aina mbili. Nikaokota lililonipendeza.

"Dada, hiyo ni figiri, ina ukali," alisema. "Chainizi ni hii, angalia bua lake."

Nikamwambia chainizi naijua, nimekaa Dar es Salaam miaka mitatu. Wauzaji wenzake wakacheka, nami nikadhani wananiunga mkono.

Nyumbani niliikatakata, nikaiunga kwa nyanya na mawese. Shangazi alimeza tonge la kwanza, akakohoa, akaomba maji, kisha akauliza kwa upole kama kwetu mboga za majani hutiwa pilipili. Nikajibu kwamba mkimbizi mmoja wa sokoni amenidanganya. Maneno yalinitoka laini kabisa.

Siku ya soko iliyofuata Mama alikwenda kumsuta, nami nikamfuata na kikapu. Yule mwanamke alimsogelea Mama, akazungumza naye kwa sauti ya chini. Sikusikia, nilikuwa nakagua ndala zangu. Watu walikuwa wameshajaa. Mmoja akauliza kibali chake cha kutoka kambini kiko wapi. Siku hiyo hakuwa nacho. Mgambo wakamwondoa pamoja na beseni lake, na pale sokoni hakuonekana tena.

Ndoa nikaipata. Chainizi nikajifunza kuipika, hata nikawa nawafundisha majirani zangu kuitambua, nikijifanya nilizaliwa naijua.

Mwaka huu nilimpigia Mama simu, nikamwamkia, nikamweleza yote kabla ujasiri haujaniishia.

"Yule mwanamke aliniambia siku ile ile pale sokoni kwamba alikuonya," Mama akasema. "Nikamwamini. Lakini wakwe zako walikuwa bado hawajajibu, mwanangu."