Hajati Niliyemtafuta Kwenye L

Siku yangu ya kwanza kwenye meza ya kura ilikuwa mtaani kwetu Kibuli, vita vya msituni vilipokwisha kuwa simulizi. Nyie mnaoweka kidole kwenye mashine sura ikatokea, hamjui taabu ya daftari! Ilikuwa orodha ya karatasi, imepangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Kadi za wengi zilikuwa hazijafika, kwa hiyo jina ulilotamka ndilo lililokutambulisha.

Nilijitolea kwa kiburi, niseme ukweli. Nilizaliwa kambi ya polisi, ambako lugha ni Kiswahili, nikakinyonya, nikajiona hakuna jina litakalonishinda.

Msimamizi wa kituo, mwalimu mkuu mstaafu, alitupanga mapema. "Nyabo," akaniambia, yaani bibi, "leo hapa hakuna shangazi, hakuna jirani. Jina iko, anapiga. Jina haiko, anarudi nyumbani. Tumeelewana?"

"Ndiyo, ssebo," nikamwitikia, yaani bwana.

Saa tatu akaja Hajati mmoja mzee, gomesi yake, lile gauni refu la mshipi, imepigwa pasi ikanyooka.

"Jina, Hajati?"

"Fatuma Lamazani."

Nikafungua L, nikateremka na kidole mara mbili. "Jina lako halimo."

"Angalia tena, mwana wangu. Tangu nizaliwe sijapiga kura hata moja. Mume wangu alikuwa anasema kura ni ya wanaume. Sasa yeye amekufa, mimi niko."

Foleni ikaanza kunung'unika. "Halimo, Hajati. Pole." Akaondoka polepole, bila kugombana, nami nikaita mwingine.

Saa kumi na robo akafika Yusufu, jirani yangu wa bodaboda. "Yusufu Lajabu," akasema, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye R, kwani jina lake naliona kila siku limechorwa kwenye pikipiki: Rajabu. Nikampata. Kisha nikamkumbuka Hajati. Mungu wangu, Lamazani! Nikafunua ukurasa: Ramadhani, Fatuma. Yeye alijitaja kwa ulimi wa Kiganda, unaogeuza R kuwa L, na mimi, mtoto wa kambi, mjuzi wa Kiswahili, nimeutafuta mwezi mtukufu kwenye L!

Nilimwendea msimamizi. "Ssebo, asubuhi nimemfukuza mtu ambaye jina lake limo."

Nikajua ananitoa mezani. Akatazama saa. "Aliye kwenye mstari kabla ya saa kumi na moja, anapiga. Aliye nyumbani, mimi sina dawa yake. Lete daftari, nitashika mimi. Kimbia!"

Yusufu alipajua kwa Hajati, juu karibu na msikiti. Tulimkuta jikoni akimenya matoke, kavaa nguo za kazi.

"Umekuja kunifukuza mpaka hapa?"

"Jina lako limo, Hajati. Mimi ndiye sikuliona. Nisamehe, twende."

Aliweka kisu chini, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nikaona basi, nimemkosa kabisa. Dakika zinakwenda, Yusufu ananguruma na pikipiki nje. Mlango ukafunguka: gomesi ileile, mshipi umefungwa sawasawa.

"Siwezi kupiga kura na nguo ya matoke," akasema.

Tulipanda watatu kwenye boda moja, msiige. Polisi wa kituo alikuwa tayari anatembea kwenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho kufunga mstari. Hajati akampita, akajipanga. Nilimtia wino kidoleni mimi mwenyewe, na sioni aibu kusema nililia.

Baadaye nilitumikia kituo cha Mulago, halafu Kyambogo, penye chuo, nikiwa msimamizi. Wasaidizi wangu niliwakataza kusema "halimo". Semeni "sijaliona", kisha mtafute. Wanafunzi wakanibatiza Mama Sijaliona, na nikaitika.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Vijana huniuliza kama kura zile zilibadilisha kitu. Matokeo mengine sikuyapenda, sitawadanganya. Lakini mkitaka kujua kwa nini nilirudi mezani kila uchaguzi, ni Hajati. Siku ile alipotoka kwenye sanduku la kura alisimama mbele yangu, kidole chake chenye wino juu.

"Kura ijayo utakuwa hapa?"

"Nikijaliwa, Hajati."

"Na mimi nitakuja. Jifunze kusoma."