Chuma Kilichokatikia Tunduni

Juzi nilinunua kisanduku cha vyuma vidogo vya kukatia hesi, ile mikunjo inayoshika parafujo, mimi ambaye nikipiga msumari hupinda. Mke wangu akacheka: "Fundi wa kunywa kahawa!"

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, kijijini kwetu Kanga. Kaka Salimu alilala ndani na homa, na baba alikuwa ukumbini akimtengenezea kimeli cha shaba. Ilibaki kukata hesi na kufunga dohani, bomba la moshi, kwa parafujo.

"Tia chuma kinene, baba, uwahi," nilisema.

"Kinene? Hii meli au kinu?"

Akachagua chembamba kuliko vyote, cha milimita mbili, akakipaka mafuta ya nazi. Alikizungusha mbele kidogo, nyuma kidogo, na harufu ya nazi na shaba ikanijaa puani. Mara, tak! Chuma kikakatikia tunduni. Papo hapo mama akapiga ukelele ndani, baba akakimbilia huko.

Majirani walijaa wakilia. Mmoja alileta kitambaa cheupe. Sikujua kuwa ni sanda. Nilijua tu kuwa chuma kimevunjika, na nilishangaa kinavyopendwa.

Nikamshika mama mkono. "Usilie, mama. Dukani vipo vingine."