Kidani cha Haneti Hakianikwi Juani

Nakumbuka Pasaka moja ambayo sijawahi kuisimulia hadi mwisho, mwanangu. Kila nilipoisimulia niliruka mahali pamoja, na mahali penyewe ni hapa: jiwe la kidani cha bibi yako lilipauka mikononi mwangu. Si mikononi mwa mama yako. Nimelikana hilo tangu hujazaliwa. Mara nyingi nimelikana kwa kunyamaza, na mara chache kwa kusema, tena kwa Kiswahili fasaha.

Juzi ulinitumia ujumbe: "Shangazi, bibi anataka nivae kidani chake kwenye sendofu yangu. Mama hataki hata kukisikia, ananuna tu. Halafu kinasafishwaje?" Ulidhani umeuliza mambo mawili. Ni jambo moja, Salma, na nitalijibu lote.

Babu yako alilinunua lile jiwe kwa wachimbaji wa huku Haneti, akalipeleka kwa sonara wa Majengo, Dodoma mjini, likazungushiwa dhahabu na kutiwa mkufu. Lilikuwa kijani kama mtama mchanga baada ya mvua. Wewe umelikuta na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, ukadhani ndivyo lilivyoumbwa.

Wakati ule kaka yangu, yaani baba yako, ndiyo kwanza ameoa. Sisi kwetu ni watu wa kwaya. Mama yako alikuja kutoka Kolo, kule kwenye michoro ya kale ya miambani, na mswala wake na chetezo chake cha udi. Hakuna aliyemtolea neno baya. Tulikuwa waungwana, maana yake tulisemea jikoni. Bibi yako, ili kuonyesha kwamba yeye hana kinyongo, akamwazima kidani avae kwenye harusi ya jamaa. Mama yako alikivaa, akakirudisha kikiwa kimefungwa kwenye leso, na bibi yako akanipa mimi nikisafishe. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nikisomea kemia, na nyumbani waliamini kwamba mtu wa kemia anaweza kuosha kitu chochote. Nami niliamini hivyo. Ndilo somo pekee la kemia nililofaulu bila kusoma.

Kilinukia udi. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya mama yako, na hilo lilinitosha. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikakitumbukiza, nikasugua. Harufu ikabaki, au niliona imebaki. Basi nikafanya lile ambalo mtu wa Dodoma hulifanya kwa kila kitu kinachomshinda: nikakianika. Sisi tunaanika mlenda, tunaanika karanga, tunaanika magodoro, na vitabu vikilowa tunavianika navyo. Nikakiweka kwenye ungo juu ya paa la bati la jiko, pembeni ya mlenda, nikakiacha huko siku baada ya siku, nikipanda mara moja moja kukinusa.

Nilipokishusha, udi ulikuwa umekwisha. Kijani nacho kilikuwa kimeondoka. Nikakifuta kwa kanga nikijidanganya kwamba ule ni ukoga wa sabuni. Lakini nilijua. Nikakifunga kwenye leso ileile, nikakirudisha kabatini, nikaanza kuombea Pasaka isifike.

Ikafika. Bibi yako alikuwa ameshavaa gauni la kanisani. Alikitoa kidani, akakisogeza dirishani, akakigeuza huku na huku. Mama mdogo wangu alikuwepo, mdomo wake ukiwa tayari kama kawaida. Majirani wawili watatu walikuwa wamekuja tuongozane. Baba yako alikuwa amekaa akifunga viatu. Mama yako akaingia na chupa ya chai.

"Hili si jiwe langu," bibi yako akasema.

"Hee, dada, unashangaa nini?" mama mdogo akadakia. "Watu wa Kolo na mawe! Mababu zao waliyachora, wao wanayabadilisha."

Alicheka peke yake. Bibi yako akanigeukia.

"Ulipokipokea kilikuwa hivi?"

Mwanangu, nimefundisha watu wengi, nimeandika makala nyingi kuhusu ukweli na ujasiri, na baadhi yake zimesifiwa. Zote niliziandika baada ya asubuhi ile, na asubuhi ile nilisema, "Kilikuwa hivihivi, mama."

Mama yako aliiweka chupa mezani taratibu. "Mama, nilichovua shingoni ndicho nilichokupa." Kisha akanitazama mimi. "Wifi, kweli?"

"Mimi nimeosha tu," nikajibu.

Baba yako akaendelea kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Mama yako hakufukuzwa. Hakushtakiwa kwa mtu. Angeshtakiwa angalau angejitetea. Kilichotokea ni kwamba bibi yako alianza kufunga kabati kwa ufunguo kila mama yako alipokuja, na ufunguo ule ulikuwa na mlio. Umewahi kujiuliza kwa nini mama yako huja kwenye harusi zetu shingo tupu, hata heleni havai? Ulidhani ni ucha Mungu. Mimi ndiye niliyemvua.

Sasa kuhusu kusafisha, kwa kuwa uliuliza. Jiwe lile, nilikuja kujifunza baadaye, lina unyevu kidogo ndani yake. Moto na jua kali huukausha, na rangi hufifia. Watu husema ukilifunga kwenye kitambaa chenye unyevu kwa muda mrefu, rangi huweza kurudi. Niliwahi kukiazima kwa kisingizio nikajaribu kwa siri. Ilirudi kiasi cha kuniumiza, si kiasi cha kuniokoa.

Kwa hiyo chukua bakuli, usioshee kwenye sinki lenye tundu. Maji yawe vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto, sabuni kidogo iliyo laini, na mswaki laini wa kitoto. Pitisha nyuma ya jiwe, maana mafuta ya mwilini hukaa huko, si mbele tunakokodolea macho. Usitumie majivu, magadi, ndimu wala dawa ya meno, hata aliyekuambia awe amesoma kemia. Suuza, futa kwa kipande cha kanga kuukuu, kiache kikauke kivulini. Ukivaa, kiwe cha mwisho, baada ya manukato na losheni; ukivua, kiwe cha kwanza. Kihifadhi peke yake, dhahabu isisuguane na vingine. Na ukiona vimeno vinavyoshika jiwe vimelegea, usivikaze kwa kisu. Mpelekee sonara, ukae hapo umtazame.

Hilo ni la kidani. La pili ni hili: kitu cha mtu kikikuharibikia mkononi, sema siku hiyohiyo, ukiwa bado unakishika. Ukikiweka chini tu, mtu mwingine atakiokota, na kosa lako litakuwa lake. Na usiwe mwepesi wa kuosha harufu ya mtu usiyempenda. Unakwenda kuwa mgeni kwenye nyumba ya watu, nawe utaingia na harufu yako. Mungu akukutanishe na watu watakaoivumilia mpaka waizoee, na waizoee mpaka waikose ukisafiri. Akupe mawifi wakweli kuliko huyu aliyempata mama yako.

Jana nilikuja hapa Haneti kwa bibi yako. Nilimkuta uani anachambua karanga. Nilimwambia yote, nikianzia kwenye ungo. Hakunikatisha. Alipomaliza kunisikiliza aliuliza kitu kimoja tu: "Nimefunga kabati langu miaka yote hii kwa ajili ya uongo wako?" Akakung'uta mapaja yake na kusema, "Mpigie. Hapa hapa, nasikia."

Simu iliita mpaka nikatamani ikatike.

"Wifi, salama?" Sauti ya mama yako ilikuwa na adabu ileile anayonipa siku zote, adabu ya mtu anayepita mlangoni bila kuingia.

"Mama Salma, niko na mama. Lile jiwe nililipausha mimi. Nililianika juani. Hukulibadilisha, na nilijua."

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Mama anasikia?"

Bibi yako aliinyakua simu. "Nasikia, mwanangu. Nilikuhesabu mwizi nyumbani mwangu. Nisamehe."

"Mama, wewe ulidanganywa. Sina neno na wewe. Nirudishie wifi."

Nikairudisha simu sikioni.

"Wifi, waliokuwepo siku ile bado wapo?"

"Wengi wapo. Mama mdogo yupo."

"Watakuja kwenye sendofu ya Salma?"

"Watakuja."

"Utasimama useme?"

Nilifikiria ukumbi, wale watu, wanafunzi wangu wa zamani watakaokuwepo. Bibi yako alikuwa ananitazama, karanga mkononi.

"Nitasimama."

"Kwa maikrofoni."

"Kwa maikrofoni, Mama Salma."

Nikasikia akiifunika ile sufuria.

"Basi njoo nacho. Nitamvalisha mwanangu kwa mkono wangu. Na wifi…"

"Abee."

"Usikioshe."