Kofia Mbili za Dhahabu

Nilikuwa mwalimu wa Kurani pale Bukoto, Kampala, katika chumba cha nyuma ya duka la mjomba wangu, na nilijivunia sauti yangu kupita kiasi. Babu zetu walitoka pwani na biashara zao, na kwetu kisomo kilikuwa ndiyo heshima ya nyumba. Watu walitoka mpaka Kalerwe kuja kunisikiliza. Basi meno ya juu yaliponing'oka moja baada ya jingine, sikuogopa kula uji. Niliogopa kusoma kama kikongwe.

Yalibaki mawili tu, chonge ya kulia na ya kushoto. Daktari wa meno, Mhindi mmoja wa mjini, aliyagongagonga kwa kijichuma chake akafurahi.

"Hapana ng'oa, mwalimu. Hii mbili iko nguvu sana. Mimi taweka kofia."

Akanieleza polepole. Angezisaga chonge ziwe nyembamba, kisha azivishe kofia za dhahabu zilizogandishwa moja kwa moja. Halafu angetengeneza meno ya bandia yenye kofia nyingine kwa ndani, za kukaa juu ya zile za kwanza, kama kikombe kinavyoingia katika kikombe. Usiku ningeyatoa kuyaosha, lakini mchana yangeshikiliwa na meno yangu mwenyewe, yasicheze. Ya marehemu baba yalikuwa ya kubandika kwenye ufizi tu, na Ijumaa moja yalimtoka katikati ya hotuba yakaanguka juu ya mkeka. Mimi nilijiapiza kwamba hayo hayatanipata.

Habari ya dhahabu niliiuliza, maana nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba dhahabu si ya mwanamume. Daktari akasema itafunikwa, hakuna atakayeiona. Nikaridhika upesi mno.

Kofia za kwanza zikawekwa. Kabla meno ya bandia hayajawa tayari, redio ikatangaza kwamba Wahindi waondoke nchini. Nilipokwenda kliniki nilikuta kufuli mlangoni, na mwanajeshi amekaa kwenye ngazi anakula njugu. Sikuthubutu kumuuliza habari za meno. Hospitali waliniambia vifaa hakuna, labda wanisaidie kuzing'oa hizo chonge. Nikakataa kwa hasira, kana kwamba wao ndio walionifanyia hivyo.

Nikabaki na ufizi mtupu na vijino viwili vifupi vinavyong'aa. Kampala ya wakati ule, dhahabu kinywani ilikuwa ya mafuta mingi, kama walivyoitwa wale waliogawiwa maduka ya Wahindi wakanenepa ghafla. Na mimi ni mwalimu wa dini! Nikaanza kuweka kiganja mdomoni. Nilisema nimefunika, nilisoma nimefunika, nilikula peke yangu chumbani, na mke wangu nilimdanganya kwamba ni maumivu. Mtu akinichekesha nilimchukia siku nzima.

Mfungo Sita ulipofika tukasoma maulidi, na wanafunzi wangu wakapangwa mbele ya wazee. Wazazi walijaa, akiwemo sajenti mmoja wa kambini, mtu wa kaskazini, aliyekuwa ameniletea mwanawe. Alipoketi, mazungumzo yalikatika. Ndivyo ilivyokuwa siku hizo popote alipoingia mtu mwenye magwanda.

Nikawapa watoto ishara waanze. Wote kwa pamoja wakainua mkono wa kulia, wakafunika midomo yao, ndipo wakaanza kusoma.

Muda wote ule walikuwa wakinitazama, wakadhani hiyo ndiyo adabu ya kisomo. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mtoto wa chuoni hamuulizi mwalimu wake, anafuata tu.

Sajenti akasimama. Watoto wakanyamaza.

"Mwalimu. Nani nafundisha watoto kufunga mdomo?"

"Hakuna, afande."

"Hakuna? Mtoto yangu nafunga mdomo mbele ya mimi. Maana yake nini? Wewe nasema hapa Uganda watu hapana ruhusa kusema?"

Wazee wote walitazama mkeka. Tuliwajua watu waliochukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo wasirudi. Mtoto yeyote angeweza kuulizwa, na mtoto angesema kweli, kwamba ameniona mimi. Nikashusha mkono nikafungua kinywa.

Sajenti akanikaribia, akainama akachungulia kama anayetafuta kitu ndani ya mtungi.

"Dhahabu," akasema. Akawageukia watu. "Mwalimu nakula dhahabu!"

Akacheka mpaka akashika mkanda wake. Watu wakacheka naye, wengine kwa woga, na wengine, niliwasikia vizuri sana, kwa raha zao. Nyuma ya pazia la wanawake alikuwepo mke wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Machozi yalinitoka na bado nilikuwa nimeachama, maana sajenti hakuwa ameniambia nifunge.

"Nyinyi watoto, mkono chini," akasema akijifuta macho. "Soma."

Wakashusha mikono, wakasoma. Walikuwa wa miaka saba, minane, umri wa kung'oka meno, na karibu kila kinywa kilikuwa na pengo mbele. Walisoma kwa sauti kubwa, vinywa wazi, mapengo yao yote nje, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haya. Mimi ndiye niliyekuwa nimewafundisha kufunika.