Meza Saba za Badru

Badru wa Chamazi aliishi kwa kupiga. Si watu, meza. Akishachonga meza mpya huivuta uani, akaitandika kwa cheni ya pikipiki mpaka ijae makovu, akaimwagia maji ya betri, akaisugua kwa oili chafu. Siku tatu tu, meza ya juzi inageuka ya enzi za Mjerumani, na wenye hoteli wanaigombania. Fundi alikuwa fundi, hilo hatumnyimi, ila sifa zilimzidi.

Ndipo Yustina akamletea meza ya mahogani ya ngazi tatu, rafu juu ya rafu, mguu mmoja umelegea. Babu yake aliiunga kule Masasi bila msumari hata mmoja, kwa vijiti vya mbao tu, na pembezoni akachonga majani ya mkorosho. Barua ya posa ya mama yake iliwekwa ngazi ya juu ya meza ile. Yake pia. Na Jumamosi wakwe walikuwa wanamletea barua bintiye Noela.

"Ijumaa unaichukua, dada," Badru alimwambia.

Mguu aliukaza siku ileile. Kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, akachonga sita za kufanana nayo kwa mbao nyeupe za bei rahisi, akaziiga kijiti kwa kijiti, jani kwa jani na kovu kwa kovu. Ile ya Yustina akaitia alama chini. Ya chaki. Mtu mzima na akili zake, chaki! Alhamisi mvua ikashuka, uani kukawa bwawa, na alipomaliza kuzifuta meza zote saba hakujua tena ipi ni ipi.

Ijumaa Yustina alikuja na kaka yake Fransis, mpakia mchanga mwenye mabega kama mlango.

"Badru, ya kwangu ipi?"

Badru alinyoosha kidole, akakirudisha. "Imo humuhumu, dada. Ngoja nichukue patasi nichune kidogo kwa chini. Zangu nyeupe ndani, yako nyekundu mpaka kwenye moyo."

La weupe Yustina alilisikia. La patasi hakulisikia, hasira zilishampanda. Fransis alimkaba Badru kwa nyuma, na Yustina akaokota shoka.

"Nitazimaliza za uongo zote," alisema.

Ya kwanza aliipasua katikati. Nyeupe. Ya pili nyeupe. Kipande kiliruka kikampasua Badru nyusi, damu ikamwingia jichoni asiweze hata kujipangusa. Ya tatu nyeupe. Yustina alipiga huku analia, anamtukania mpaka wazazi wake waliokufa, na Badru aliona anastahili.

Kwenye ya nne shoka liligonga ukingo, likateleza. Badru aliisikia ile sauti, nzito, ya mti uliokauka miaka mingi. Mbao zake hazikulia vile. Akajua. Akataka kusema ndiyo hiyo, lakini Fransis alidhani anataka kuponyoka, akazidi kumkaza koo. Badru alirusha miguu, akamng'ata mkono mpaka akaonja damu. Fransis akamgongesha kichwa ukutani, hakumwachia.

Shoka lilishuka ngazi ya juu, likapita ya kati, likakwama ya chini.

Ndani palikuwa pekundu.

Yustina aliinama, akaupapasa mpasuko kwa vidole, huku na huku. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Mwachie," alisema. "Nimeipata."