Riwaya Aliyotutafsiria Dada Bhoke

Enzi zetu, wenzangu wa mchakamchaka na shamba la kijiji mtanielewa, mapenzi hayakuwa na simu. Leo kijana anapenda asubuhi, jioni ameshaachwa na picha kazifuta. Sisi tulicheza rede hadi vumbi likaingia menoni, tukala ugali wa mtama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ya mbuzi, mpaka jasho likatutoka, na ya moyoni tukayameza kimya.

Kijiji chetu kilikuwa karibu na Nyamwaga. Shuleni tulifundishwa kuwa binadamu wote ni ndugu na sisi ni Watanzania. Nyumbani tulikuwa Wakurya, na Mjaluo, hata awe na mvi, alihesabiwa mtoto kwa sababu hakupita jandoni. Kila siku kengele ya mwisho ikilia tuliuacha Utanzania darasani tukarudi kwenye Ukurya wetu, wala hatukuona ajabu.

Dada yangu Bhoke alikuwa amemaliza darasa la saba, akawa anaazima vitabu maktaba ya kijiji. Siku moja alileta riwaya ya mapenzi ya nchi iliyotawaliwa na wakoloni. Binti anampenda karani wa bwana shauri. Wazungu wanamwona karani yule mshenzi, ndugu zake wanamwona mzungu, na mwenyewe hajui tena ni nani. Mchana, tukipukuchua mahindi, dada alisoma huku akimtafsiria mama kwa Kikurya, maana Kiswahili cha mama kiliishia kwenye salamu.

Mimi nilikaa ubavuni kwake, nafuata mistari. Nikaona dada anaongeza yake: ati karani alikuwa wa kabila jingine, lisilotahiri. Nilipotaka kumsahihisha alinikanyaga mguu. Tuliolala kitanda kimoja hatukuwa na siri. Nilijua anampenda Otieno, bwana shamba wetu, Mjaluo aliyetoka Shirati.

Mama aliipenda hadithi ile kupita kiasi. Binti alipofungiwa ndani na baba yake, mama alishika gunzi akalia machozi.

"Wamwache aende!" alisema. "Moyo hauna kabila."

Maskini dada, akaamini. Kesho yake alimpigia mama magoti, akamweleza habari za Otieno.

Mama aliendelea kupukuchua. "Yule ni mtu wa kitabuni, Bhoke. Wewe ni mtoto wangu."

Haukupita msimu wa mvua, Bhoke akaolewa nyumba ntobu upande wa Mugumu. Bibi mjane asiye na mtoto wa kiume alimtolea ng'ombe, ili amzalie wajukuu wa kushika boma lake, na mwanamume wa kuzaa naye akachaguliwa na bibi huyohuyo. Otieno aliomba uhamisho. Mama alifurahia ng'ombe wake. Mimi nilichukia kila tone la maziwa yao.

Mwaka jana mjukuu wangu alileta mchumba, Mjaluo wa Mwanza. Tukapokea shikamoo zake, tukala pilau, tukapiga vigelegele, na hakuna aliyenuna. Watoto wa siku hizi kusonga ugali hawajui, kuamka mapema hawawezi, lakini hili wamelipata bure. Dada Bhoke, mzee sasa, alisubiri mpaka wageni wakaondoka. Ndipo akaniuliza, "Kumbe ilikuwa rahisi namna hii?"

Nikamjibu, ndiyo, dada. Vijana wa viti vya kukodi wakaja, wakatuomba tunyanyuke.