Madaftari ya Mwezi ya Mjomba

Nianze na lile linalonitia haya zaidi: nilijua. Watu wakisimulia miaka ile ya utawala wa wanajeshi husema hatukujua, tulilazimishwa, tulikuwa wadogo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, akili timamu, na nilijua.

Nilifanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini Kampala iliyokuwa na kompyuta, dude kubwa kama kabati mbili za nguo, lenye taipu mbele yake. Ulichapa amri ya mstari mmoja, ukangoja, nalo likatoa karatasi ndefu yenye safu za tarakimu. Wasichana tulioruhusiwa kuligusa tulikuwa wawili tu, basi nilijiona si haba. Jioni nikirudi nyumbani Kibuli, nilitembea kama mama aliyezaa pacha.

Mkubwa wetu alikuwa afande aliyeletwa kutoka kambini. Mwaka ule Idi ilikuwa imegawanyika, nusu ya mji wanakula, nusu wamefunga, na yeye akaagizwa kutoka juu alimalize jambo hilo kwa mashine. Alikuwa na jedwali la mwezi kutoka ng'ambo: kila siku jua linazama saa ngapi, mwezi unazama saa ngapi. Alichokosa ni kumbukumbu za mtu aliyekuwa akiutazama kwa macho, ili alinganishe.

"Afande, mjomba wangu anazo," nikasema. Nani aliniuliza?

Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa fundi cherehani katika soko la Owino, na ndiye aliyenilea. Kila ishirini na tisa ya mwezi alifunga kazi mapema, akapanda kilimani kutazama mwezi mwandamo, na neno lake ndilo mtaa wetu ulilofuata. Kila alichoona alikiandika katika madaftari ya shule. Sita yalikwisha jaa. Sifa yake ilikuwa macho. Aliweza kutunga uzi kwenye sindano magharibi imeingia, bila taa, huku akinitania kwamba mimi na ujana wangu wote nitahitaji kurunzi.

Alinipa madaftari kwa mikono miwili. "Yatunze, mwanangu. Huo ndio ushahidi wangu."

Niliziingiza tarehe zake kwenye mashine moja moja, wiki tatu. Kisha nikachapa amri: chukua jedwali la ng'ambo, chukua la mjomba, uyaunganishe pale tarehe zinapolingana. Karatasi ikatoka. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kila tarehe ambayo mjomba aliandika kuwa mwezi umeandama, jedwali lilionyesha kuwa ulionekana tangu jana yake. Kwa tarehe yake yeye, mwezi ulikaa juu saa moja na nusu baada ya jua kuzama. Hata mwenye mtoto wa jicho angeuona. Amechelewa siku moja, mstari baada ya mstari.

Ningekuwa na akili ningejiuliza, mtu anakoseaje sawasawa namna ile? Sikujiuliza. Nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari.

Afande alicheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu mzee macho yake imekwisha. Mashine hapana danganya." Akawapigia simu wakubwa wake palepale, akawaambia jambo limekwisha, kalenda itatoka ofisini kwake. Kisha akaagiza mjomba aitwe.

Alikuja amevaa kanzu yake ya Ijumaa, maana alidhani anaitwa kupewa shukrani. Hilo linaniuma hadi leo. Afande alimsukumia karatasi, bastola iko mezani kando ya kikombe cha chai, akamwambia asipande tena kilimani kudanganya watu. Mjomba hakubisha. Alipitisha kidole kwenye mistari polepole, kama anayekagua mshono. Halafu akanigeukia mimi, si afande.

"Mwanangu, siku ya mashine hii inaanza lini?"

Kwetu siku huanza jua likizama. Tangu utotoni nilijua kwamba Alhamisi jioni ni usiku wa Ijumaa. Ndiyo jioni tuliyochoma ubani na kuwaombea wafu wetu. Mjomba alipouona mwezi Alhamisi magharibi aliandika tarehe ya Ijumaa, kama alivyoandika baba yake. Watu wa jedwali walianza siku yao saa sita ya usiku, kwa hiyo jioni ile kwao ilikuwa bado Alhamisi. Nilikuwa nimeiunganisha jioni yake na jioni ya kesho yake. Mtu yeyote angeweza kukosea hapo, isipokuwa mtoto aliyelelewa nyumba ile.

Afande alinitazama. Simu ilikwisha pigwa. Mwezi uliotangulia karani mwenzetu aliingizwa kwenye gari na hakurudi, kwa jambo dogo kuliko kumfanya mkubwa aonekane mjinga.

"Siku ni siku, Mjomba," nikasema.

"Haya," akajibu. Akakusanya madaftari yake, akatoka.

Wiki ileile, wenzangu wamekwenda kula cha mchana, nilichapa amri upya, safari hii nikizirudisha tarehe zake nyuma siku moja. Mistari yote ikakaa. Hakuna mwezi hata mmoja aliokosea. Niliikunja karatasi, nikaenda nayo nyumbani, nikawashia sigiri na kuchemsha chai. Chai hiyo Mjomba aliinywa.

Ningeweza kumwambia palepale jikoni, tukiwa wawili tu. Ofisini nilikuwa na woga, sawa, lakini nyumbani haukuwa woga tena. Ilikuwa aibu, na kila siku niliyonyamaza iliongezeka uzito. Serikali ile ikaanguka, afande akakimbia, na bado sikusema.

Mjomba hakupanda tena kilimani. Alinunua miwani iliyotumika pale Owino, yenye vioo vinene vilivyomtia kizunguzungu, akaivaa mpaka alipokufa. Kila jioni alininyooshea sindano na uzi.

"Nitungie, mwanangu. Wewe ndiye unayeona."

Nikamtungia.